Mashine Zilizolilia Jina

Mazishini kule Butula, mpwa wa marehemu aliyesoma wasifu alipofika kwenye habari za kazi alisema, "Aliwahi pia kufundisha kompyuta pale Malaba," kisha akageuza ukurasa na kuingia kwenye habari za kwaya ya kanisa. Sentensi moja. Nilikuwa chini ya hema, nimebanwa kati ya wanawake wawili waliojipepea kwa karatasi za ratiba, nikapandwa na hasira ambayo haikuwa na mtu wa kumwangukia. Mpwa hakuwa na kosa. Mwaka ule alikuwa bado ananyonya. Lakini mimi ninayejua kilichofichwa ndani ya ile sentensi nilitamani nisimame nimnyang'anye kipaza sauti. Sikusimama. Katika safu ya mbele niliona kilemba cha zambarau, nikamtambua Mama Wairimu kwa jinsi alivyokaa wima, ingawa mgongo wake umeanza kukunjika. Yeye ndiye aliyetuajiri sisi wawili, mimi na marehemu, Mwalimu Wesonga, na hatukuwa tumeonana tangu alipofunga ofisi zake za mpakani. Aligeuka, akaniona, akaniitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akinitarajia.

Nitaruka habari za kwetu Busibwabo. Mihogo ni mihogo, na kila mtu ana mama aliyeteseka. Nianze na chumba. Kilikuwa nyuma ya yadi ya malori pale Malaba, ghala la zamani la mahindi, na hata tulipolipiga deki kwa sabuni bado vumbi la mahindi lilitoka kwenye nyufa kila lori kubwa lilipopita. Ukuta mmoja ulikuwa wa mbao nyembamba, na upande wa pili wake Mama Wairimu na makarani wake walijaza karatasi za forodha za madereva. Alitoka Murang'a akiwa msichana, akauza chai kwa madereva, kisha akawatolea mizigo, mpaka akawa na kampuni na yadi. Sasa alitaka chuo kidogo, vijana wa hapa wafundishwe kazi ya forodha kwa kompyuta. Kompyuta zenyewe zilikuwa zimetoka kwenye kontena lililokuwa likielekea chuo fulani ng'ambo ya mpaka. Mwenyewe hakutokea, ikapita miezi, mwishowe zikabaki mikononi mwa Mama. Hazikuwa kama tulizozijua. Zilikuwa bapa, nzito, za rangi ya majivu, mashine za wahandisi wa nchi za nje zilizokwisha kuchosha wenyewe. Mafundi walioletwa kutoka Busia walizifungua, wakatazama ndani, wakasema skrepa.

Mwalimu Wesonga ndiye aliyesema si skrepa. Alikuwa amefundisha hesabu sekondari miaka mingi, na ujanani mwake chuo kikuu alifanya kazi kwenye mashine za aina hiyo hiyo, zenye mfumo wa ukoo wa Unix. Mimi niliajiriwa kufagia, kuchemsha chai na "kumsaidia Mwalimu", kwa kuwa nilikuwa na cheti cha uhazili na vidole vyepesi. Siku ya kwanza aliwasha mashine moja mbele yangu. Skrini ilikuja nyeupe, ikaandika neno moja, ok, ikanyamaza. Nikadhani imepona. Mwalimu akacheka. "Hiyo ok yake ni ya mtu aliyepigwa kichwa," alisema. "Ukimuuliza uko sawa anasema niko sawa, lakini hajui yeye ni nani."

Ndivyo ilivyokuwa, na nieleze kwa ufupi kwa sababu mwaka wote ulisimama juu ya jambo hilo. Kila mashine ilikuwa na namba yake ya kuzaliwa, ndefu, iliyotunzwa na kibetri kidogo ndani. Vibetri vyote vilikuwa vimekufa kwa uzee. Kwa hiyo kila stima ilipokatika, mashine zilisahau namba zao, na pale Malaba stima ilikuwa na tabia zake. Tena diski nyingi zilikuwa zimekufa na hakukuwa na mahali pa kutia sidii, basi njia iliyobaki ilikuwa moja: kuziunganisha zote kwa waya na mashine moja kubwa pembeni, na kutoka humo kuzipelekea mfumo mzima kupitia mtandao. Ukiwasha mashine, unaikumbusha namba yake kwa kuichapa kwa mkono. Halafu unaiamuru iamke kwa mtandao, nayo inapaza sauti kwenye waya, ikiuliza yeyote anayesikia: mimi ni nani? Mashine kubwa ikiitambua namba, inaijibu, jina lako ni fulani, na chakula chako ndicho hiki. Isipojibiwa inauliza tena, na tena, haichoki.

"Ni mtoto mchanga," Mwalimu aliniambia. "Kwenu Busibwabo mtoto akilia usiku na mchana, mnafanya nini?"

"Tunamtajia majina."

"Ya nani?"

"Ya waliokufa. Moja baada ya jingine. Akinyamaza, ndilo lake."

"Basi wewe hii kazi unaijua tayari."

Na akazipa mashine majina ya wafu wake. Hakufanya mzaha. Auma alikuwa nyanya yake, aliyeuza vyungu soko la Butula, alizaa wanne akazika wawili, na namba ya mashine ile iliishia nne mbili. Okumu alikuwa kaka yake aliyezama mto Sio baada ya kuacha shule darasa la saba. Namba yake ilikuwa na saba mbili zilizofuatana. Makokha alikuwa jirani aliyekuwa na wake watatu na baiskeli moja. Kila namba alikuwa ameitafutia kipande cha maisha ya mtu, hata zile herufi zilizochanganyika humo, na hakuandika popote. Nilidhani ni majivuno ya mwalimu wa hesabu. Ekisa, kijana fundi wa nyaya kutoka Amagoro, alikataa kabisa kuchomeka waya wa Okumu. "Mwalimu, mimi na huyo jamaa hapana," alisema. "Mtu alikufa maji, sasa unataka nimpatie stima?" Tulicheka mpaka mama wa jikoni akaja kuchungulia. Ekisa aliuchomeka hatimaye, lakini kwa mkono wa kushoto, akiangalia pembeni.

Chakula cha mchana tulikula mle mle, kwenye meza ya mwisho isiyo na mashine. Mama Wairimu alituletea wali na viazi, vyakula vya kwao, lakini Mwalimu alikuja na chake kwenye kibakuli chenye mfuniko: ugali mweusi wa mtama na muhogo na mboga ya mrenda, aliofungiwa na mkewe, Mama Auma. Chai alikunywa bila sukari. Nilijua ana kisukari kama nilivyojua ana masharubu. Lilikuwa jambo lake tu. Kilichonishangaza ni jinsi alivyokula. Mkono wake ulitembea kwanza ukingoni mwa meza, ukafika kwenye bakuli, ukalizunguka, ndipo akamega. Nilifikiri ni adabu ya watu wa zamani.

Tulifanya kazi hivi: yeye alikaa kwenye kibodi, mimi nilisimama nyuma ya bega lake nikasoma skrini kwa sauti. "Soma, Nafula," alisema, nami nikasoma, neno kwa neno, Kiingereza chote kile kilichovunjika vunjika, na namba zake, na vituo vyake. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha vidole vikaenda. Aliniambia hiyo ndiyo njia ya kujifunza, kwamba jicho linaruka lakini mdomo hauruki. Nikaamini. Miezi miwili nilisoma, na kweli nilijifunza, mpaka nikawa najua mashine itasema nini kabla haijasema. Tulikuwa tumeamsha Auma, Makokha na wengine kadhaa. Okumu alikuwa mkaidi. Alilia tu kwenye waya, mstari ule ule ukijirudia kwamba amesubiri jibu na jibu halikuja.

Siku moja, kwa utundu, nilimsomea uongo. Okumu alikuwa bado analia, skrini imejaa mistari ya malalamiko, nami nikasema kwa sauti ya kanisani, "Mwalimu, ameitika. Anasema jina lake ni Okumu, na anapakua mfumo." Nilingoja ageuke aniite mwongo, tucheke. Mwalimu aliegemea kiti, uso ukamlainika nikaona hata meno. "Asante Mungu," alisema. "Basi tuendelee, tumpe diski ile ndogo." Na vidole vikaanza kuchapa, mbele ya skrini iliyokuwa ikipiga kelele kwamba haijajibiwa na mtu.

Nilimshika bega. Vidole vilisimama.

"Bado analia?" aliuliza.

"Bado, Mwalimu."

Upande wa pili wa ukuta karani mmoja alikuwa akibishana na dereva kuhusu muhuri. "Umenishika, Nafula," alisema mwishowe. "Jicho la kulia lilienda mwaka jana. La kushoto naona mwanga, naona kama mtu amesimama mlangoni. Maandishi siyaoni tena."

"Mama anajua?"

"Akijua leo, kesho niko Butula. Auma yuko kidato cha tatu." Huyo Auma alikuwa bintiye, aliyepewa jina la yule nyanya. "Wacha tufike siku ya kufungua. Mashine zikishaamka mbele ya wageni, hawezi kunitoa. Atasema nani atazilea? Nipe mpaka hapo."

Hicho ndicho kilichokuwa hatarini tangu siku ile: mtu mmoja, kazi yake, na siku ya kufungua chuo iliyokuwa ikija. Nilikuwa na umri wa kujua kwamba mpango wake ulikuwa na tundu. Mtu haajiriwi kwa kuwa mashine zinampenda. Lakini nilimpenda kama mtu anavyompenda aliyemfundisha kitu cha kwanza cha maana, nami nikawa macho yake. Asubuhi nilimngoja pale malori yanapopinda kuingia yadi, nikamsalimia kwa sauti ili ajue niliko, tukaenda bega kwa bega tukipiga soga, na aliyetuona alidhani tu watu wenye mengi ya kuongea. Nilimwambia "ngazi" huku nikijifanya nakohoa. Ekisa alijua bila kuambiwa; alianza kufunga nyaya zote ukutani kwa misumari ili pasiwe na wa kumkwaza, na siku aliyomaliza alisema tu, "Hata mimi huwa naanguka anguka."

Mengine tuliyasikia kupitia ukuta. Mama Wairimu hakuwa na sauti ndogo. Mchana mmoja tulikuwa tukila, tukasikia mgeni akimwambia kwamba Tororo kuna mtu ananunua vyuma hivi kwa kilo, na ghala likirudi kuwa la mahindi lingemfaa zaidi. "Wacha nione siku ya kufungua," Mama alijibu. "Nimeita wageni kutoka Nairobi, nimeita kanisa, nimeita chifu. Zikiamka, ni chuo. Zikikataa, kuja na lori lako." Mwalimu aliendelea kumega ugali. Tonge lilikuwa dogo sana mkononi mwake, alilisokota na kulisokota, hakulipeleka mdomoni.

Okumu tulimwamsha wiki iliyofuata. Kosa lilikuwa la mstari mmoja kwenye mashine kubwa, saba moja iliyobadilishana nafasi na tarakimu ya jirani, na Mwalimu alilipata kwa kuniambia nimsomee orodha yote polepole, akipiga meza kwa kidole. Okumu alipojibiwa, maandishi yalishuka kwenye skrini kama mvua, na mimi nikayasoma yote mpaka koo likakauka. Safari hii haukuwa uongo. Mwalimu alilia. Alisema ni moshi wa dizeli.

Sasa nije kwa jambo ambalo hata leo sijui niliite wema au ubaya. Wiki ya kufungua, Mama Wairimu alikuja chumbani akiwa na kibao cha plastiki kilichochongwa kwa herufi nzuri, amekifunga kwa karatasi ya zawadi. Mashine kubwa haikuwa na jina bado. Mwalimu alisema marehemu wa kuipa jina hajamjia ndotoni. Mama alikifungua kibao mbele yetu akicheka kwa furaha. Kiliandikwa WESONGA. "Hii kubwa, hii inayowalea wengine, nimeipatia jina ya Mwalimu," alisema. "Wageni waone. Hata kwa system muiandike hivyo."

Ekisa aliweka chini bisibisi.

"Mama, asante," Mwalimu alisema, sauti yake ikitafuta njia. "Lakini kwetu jina la mtu aliye hai haliitwi hivyo. Jina linapewa kitu kingine mtu akishaenda."

"Ah, Mwalimu! Kwetu guka yangu, babu, alikuwa mezani anakula, na kaka yangu anaitwa yeye, wanaitana, wanacheka. Hiyo ndio heshima kubwa. Mtu aone jina yake ikitembea akiwa na macho yake."

Alisema hivyo, akiwa na macho yake. Hakujua. Nilimwangalia Mwalimu nikaona kope zikipiga haraka. Kukataa zaidi kungekuwa kumtukana Mama mbele ya wafanyakazi wake, na kulikuwa na siku tatu tu kabla ya wageni. Akasema, "Sawa, Mama." Akaniambia nichape jina hilo kwenye mashine kubwa. Nilichapa. Vidole vyangu vilikuwa vizito kama vya mtu anayeandika msalabani.

Siku ya kufungua ilikuwa ya jua kali. Walikuja wageni wenye suti, wakaja wa kanisa, wakaja madereva waliosikia kuna soda. Mama Auma alikuja kutoka Butula kwa gauni la Jumapili. Mashine zote zilikuwa zimeamka, skrini zote zinawaka, vijana wamekaa mbele zake kwa mashati meupe. Mwalimu alisimama mlangoni kwa suti ya kahawia, mimi kando yake nikimnong'oneza: huyu ni mzee wa kanisa, mkono unakuja; huyu ni mgeni wa Nairobi, mkono unakuja. Alishika kila mkono. Hakukosa hata mmoja. Nilianza kuamini kwamba tutavuka.

Kisha Mama Wairimu aliondoa kitambaa kwenye mashine kubwa, kibao kikaonekana, watu wakapiga makofi. Watu wa kutoka mbali ndio waliopiga. Wa hapa hawakupiga. Mama Auma alisoma jina la mumewe, akaweka kiganja mdomoni. "Mumemzika," alisema, si kwa sauti kubwa, lakini ukumbi ulikuwa kimya. "Mumemzika na anatembea."

Dakika chache baadaye stima ikakatika. Sisemi kwamba jambo moja lilileta lingine. Stima ya Malaba haikuhitaji sababu. Lakini walikuwepo waliotoka nje wakijifanya wanapunga upepo, wasirudi. Stima iliporudi ilirudi kwa kishindo, taa zikamulika kupita kiasi, na mashine zikaamka zikisema ok, ok, ok, hakuna hata moja iliyojijua. Mgeni mmoja aliangalia saa. Mama Wairimu alisema kwa sauti ya kuchangamka iliyopasuka katikati, "Mwalimu, tufanyie."

Mwalimu alitabasamu. Alikuwa amejiandaa kwa hilo kuliko kwa hotuba yoyote. Alianza na mashine kubwa, mimi nikimsomea, ikaamka. Akahamia ya kwanza, mkono ukitambaa kwenye ukingo wa meza. "Huyu ni Auma," aliwaambia wageni, "nyanya yangu, aliuza vyungu," na huku akichapa namba yake yote kutoka kichwani, akabonyeza. Nikasoma. Auma akauliza, akajibiwa, akaamka. Watu wakasogea. Akahamia Makokha, akataja wake watatu na baiskeli, watu wakacheka, Makokha akaamka. Alikwenda meza kwa meza, akiwaita wafu wake mmoja mmoja mbele ya watu wale, na wakaitika. Hata Mama Auma alishusha mkono. Sijaona tena kitu kama kile na sitegemei kukiona.

Okumu alikuwa wa mwisho, kwenye kona. Kishindo cha stima kilikuwa kimeunguza skrini yake. Mimi nilikuwa nimezuiwa na wageni waliosogea kuona, niko hatua kadhaa nyuma, vichwa vya watu mbele yangu. Mwalimu aliketi, akavuta kibodi, akasema, "Na huyu ni kaka yangu, aliniacha akiwa darasa la saba." Akachapa. Akabonyeza. "Soma, Nafula."

Sikuweza kuiona skrini. Lakini nilijua itasema nini. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi mno. Nilijua pia kwamba nikinyamaza ataachwa akingoja mbele ya watu wote. Nikasoma. Nikasema ameuliza, nikasema amejibiwa, jina lake ni Okumu, nikataja mistari ya mfumo ikishuka mmoja baada ya mwingine, kwa sauti safi iliyozoea. Na Mwalimu akiitikia kwa kichwa, akisema, "Vizuri, vizuri," uso wake umeelekea kwenye kioo cheusi tititi.

Watu walitazama kioo. Wakamtazama yeye. Wakageuka wakanitazama mimi. Njia ilifunguka kati ya vichwa vyao nami nikaona walichokuwa wakiona, sauti ikanikatikia mdomoni.

"Nafula?" Mwalimu aliuliza. "Endelea. Mbona kimya?"

Mama Wairimu ndiye aliyekwenda. Alipunga mkono polepole mbele ya uso wake, mara moja, mara mbili, pete zake zikimetameta, na kope za Mwalimu hazikucheza. Akaushusha mkono. Aliwaambia wageni kwamba chakula kiko tayari uani.

Walipotoka, alivuta kiti akaketi karibu yake, magoti yakigusana. "Tangu lini?"

"Tangu kabla unichukue, Mama. Lakini si kama hivi."

"Kwa nini hukuniambia? Mficha maradhi kifo humuumbua, Mwalimu. Ningekupeleka kwa daktari."

"Ungenipeleka. Halafu?"

"Halafu ungepumzika."

"Ndio maana sikukuambia."

Mama alilia. Nataka hilo lijulikane, kwa kuwa pale mpakani ilikuja kusemwa kwamba alimfukuza kama mbwa. Alilia akamshika mikono, na mwisho wa mwezi akamwachisha kazi vile vile, kwa upole wote ulimwenguni. Alisema wageni wa Nairobi hawawezi kuelewa chuo cha kompyuta chenye mwalimu asiyeona. Labda alisema kweli. Kazi akanipa mimi. Nilikataa, nikaenda Butula kumwambia Mwalimu kwamba nimekataa, nikamkuta kwenye benchi nyuma ya nyumba, redio imezimwa mapajani. Alinikaripia kama hajawahi.

"Ukikataa wewe, Jumatatu lori la Tororo liko hapo. Auma na Okumu wauzwe kwa kilo? Chukua kazi, wacha upuzi." Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Lakini jina langu litoe pale. Mama Auma hapati usingizi. Mimi pia, nikisema ukweli."

Nililitoa. Kibao nilikikwangua kwa kisu cha jikoni, na kwenye mfumo nikafuta herufi zote saba na kuacha namba tupu. Mama Wairimu aliona, akaumia, hakuniuliza. Nirudi nyuma kidogo: tulipobadilisha skrini ya Okumu siku ile ile ya kufungua, baada ya watu kwenda, tulikuta ameamka vizuri, jina lake liko sahihi, mfumo wote umeshuka, anangoja tu mtu. Nilimwambia Mwalimu. Alisema, "Najua. Nilimsikia." Mashine zile zina kifeni chenye kubadilisha sauti zinapoanza kazi. Sikuwahi kukisikia mpaka aliponiambia.

Chuo kiliishi miaka kiasi, kikafa kama vinavyokufa vyuo vya mpakani, na mashine zikaenda Tororo mwishowe. Mimi nilihamia Busia mjini, kwenye kampuni ya usafirishaji, na huko ninazilea seva mpya zisizosahau namba zao hata stima ikatike juma zima. Nazo huamka vile vile, kwa kuuliza kwenye waya. Kila mahali nilipofanya kazi nimezipa majina: mito, milima, miti ya matunda. Na kila mahali moja kubwa niliiacha na namba tupu. Vijana wangu huuliza, nami huwaambia ni mambo ya usalama, wanaandika kwenye daftari zao. Butula nilikwenda Krismasi ya kwanza, na ya pili, kisha nikawa natuma salamu. Aliishi gizani miaka mingi sana, mingi kuliko aliyofundisha. Auma alimaliza shule kwa msaada wa Mama Wairimu, na hilo pia mpwa hakulisoma.

Baada ya kaburi kufukiwa, Mama aliniita kwa mkono. Alinishika kiwiko ili tusimame kivulini mwa ukuta wa jikoni, pembeni ya masufuria. "Ile mashine yangu," alisema. "Nilipoona umetoa jina nilikasirika sana. Nilisema hawa watu hawana shukrani. Baadaye nikauliza, nikaambiwa." Alitazama udongo mwekundu kwenye viatu vyake. "Mliweka nini mahali pake?"

"Hakuna, Mama. Tulingoja."

"Sasa si mmemaliza kungoja," alisema, akaniachilia kiwiko.

Jumatatu nilifika kazini kabla ya vijana. Nilikaa mbele ya ile kubwa, nikaandika mahali palipokuwa na namba tupu, nikaizima, nikaiwasha. Feni ikapanda, ikashuka. Ikapaza sauti kwenye waya ikiuliza yeyote anayesikia, ikajibiwa, ikanyamaza. Kwenye skrini likatokea jina, kwa herufi ndogo, na kando yake kile kimstari kinachopepesa kikingoja.

"Wesonga," nilisoma kwa sauti, kama nilivyozoea kumsomea. Halafu nikakaa mikono juu ya kibodi, na hakuna aliyeniambia niandike nini.